Kimbunga kikiwa Mafia, mpunga wa Kilombero uvunwe au usubiri?

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

JUMATANO ya Mei 1, 2024, watumishi wakiwa mapumzikoni kwa Sikukuu ya Wafanyakazi, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilikuwa ikifuatilia mgandamizo mdogo wa hewa uliojitokeza katika Bahari ya Hindi, mashariki mwa pwani ya Mtwara. Siku iliyofuata mgandamizo huo ulikwisha kupata jina, Hidaya. Ijumaa ya Mei 3 ukawa kimbunga kamili, na taarifa za tahadhari zikataja mikoa ya Mtwara, Lindi, Pwani pamoja na kisiwa cha Mafia, Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Pemba, na maeneo ya jirani.

Maneno hayo ya mwisho, "maeneo ya jirani", ndiyo yanayotuhusu sisi wa bonde la Kilombero. Msomaji akifungua ramani ataona kwamba Ifakara na Mafia ziko karibu katika mstari mmoja wa latitudo, nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Ukitoka Kilindoni ukaelekea magharibi moja kwa moja, unafika Ifakara baada ya kilomita zipatazo 330. Kimbunga kinachokwenda kwa mwendo wa baiskeli kinaweza kuumaliza umbali huo kwa siku moja.

Na mwanzo wa Mei si wakati wa mchezo kwa mkulima wa hapa. Mpunga uliopandwa Desemba na Januari unakuwa umeanza kuinamisha vichwa. Deni la trekta na la mbolea linasubiri gunia la kwanza. Ada ya shule nayo haijui habari ya kimbunga. Ndiyo maana kila mwenye shamba bondeni, siku zile nne, alikuwa na swali moja tu: nivune sasa mpunga ukiwa haujakomaa vizuri, au nisubiri nione kama hicho kimbunga kitakuja?

Hidaya ilikwisha pita. Lakini msimu wa vimbunga katika bahari yetu hurudi kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, na swali hilo litarudi nao. Kama mchumi wa kilimo nadhani lina jibu, ila jibu lenyewe halifanani kwa mashamba mawili yaliyopakana.

Kilichotokea

Usiku wa Mei 4, TMA ilitangaza kwamba Hidaya imepoteza nguvu baada ya kuingia nchi kavu kisiwani Mafia. Kabla ya hapo, boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamisha safari, na Mtwara ilipata ndani ya saa chache mvua iliyozidi ile ambayo kwa kawaida huipata katika mwezi mzima wa Mei.

Pigo kubwa kwa wafanyabiashara lilikuwa la barabara. Maji yaliikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikawa imetengwa na soko la Dar es Salaam. Malori yakakwama pande zote mbili. Mwenye nyanya upande huu na mwenye samaki upande ule wote walikuwa wakiangalia mali ikioza.

Ikumbukwe kwamba nchi ilikuwa tayari imelowa kwa mvua za El Nino. Siku chache kabla, Aprili 25, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha na wengine 236 kujeruhiwa kutokana na mvua na mafuriko ya msimu huo. Vijiji vya Rufiji na Kibiti vilikuwa ndani ya maji, na maji ya Rufiji kwa sehemu kubwa yanatoka kwetu: Mto Kilombero unachangia zaidi ya nusu ya maji yote ya mto ule. Ardhi ikishashiba namna hiyo, mvua ambayo mwezi Januari ingekuwa neema inageuka mafuriko.

Mistari kwenye ramani

Siku kama zile kila mwenye simu ya kisasa hugeuka mtabiri. Ramani zenye rangi nyekundu na zambarau zinapita kutoka simu moja hadi nyingine, na kila moja ina mshale unaoelekea mahali tofauti. Mimi mwenyewe nilizitazama asubuhi na jioni kwa siku zote zile, na sioni ubaya kufanya hivyo, mradi mtu ajue anachokitazama.

Kinachoitwa modeli ni hesabu kubwa inayofanywa na kompyuta. Inachukua hali ya hewa ilivyo sasa, yaani upepo, joto, unyevu na mgandamizo, kisha inapiga hesabu hali hiyo itakuwaje baada ya saa 6, saa 12, siku moja, hadi siku 10 na zaidi. Wamarekani huendesha modeli yao mara nne kwa siku. Wazungu wa Ulaya wana kituo chao cha pamoja, ambacho makao yake makuu yako Reading, Uingereza. Kwa bahari yetu, kituo kilichokabidhiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kazi ya kufuatilia vimbunga ni kile cha Wafaransa kilichopo kisiwa cha Reunion. Majina ya vimbunga hufuata alfabeti: msimu wa 2023/24 ulianza na Alvaro, ukafika Hidaya, kisha wiki mbili hivi baadaye ikaja Ialy, iliyopita baharini jirani na pwani ya Afrika Mashariki wakati watu wamekwisha kusahau.

Tatizo ni kwamba baharini hakuna vituo vingi vya kupima. Kompyuta inaanza na makadirio, na kosa dogo la mwanzo hukua kila siku. Kosa la njia ya kimbunga kwa siku moja mbele ni la makumi ya kilomita. Kwa siku tano mbele linaweza kuwa la mamia. Kwa pwani yetu, kosa la kilomita zipatazo 400 ni tofauti kati ya Mtwara na Dar es Salaam.

Kwa sababu hiyo kituo cha Ulaya hakitoi mstari mmoja tu. Kinarudia hesabu mara 51, kila mara kikibadili kidogo hali ya mwanzo, kisha kinachora mistari yote 51 kwa pamoja. Mistari ikikusanyika kama fagio lililofungwa, kuna uhakika. Ikitawanyika kama fagio lililokatika kamba, hakuna anayejua. Hiyo ndiyo picha ya kutafuta, siyo ule mshale mmoja mnene ambao mtu kautuma bila kusema ni wa saa ngapi. Aidha, angalia kama utabiri wa asubuhi unakubaliana na wa jana jioni. Unaoruka kutoka Lindi hadi Mombasa na kurudi Kilwa ndani ya saa 24 bado haujaiva.

Picha ya simuni ikipingana na taarifa ya TMA, ushauri wangu ni kufuata TMA. Wao wanaziona modeli zote hizo, na zaidi ya hapo wana vituo vya kupimia humu nchini.

Mara mbili bila kitu

Kuna wanaosema vimbunga ni mambo ya Madagaska na Msumbiji, sisi Mungu katuepusha. Wana sababu yao. Karibu na Ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayokifanya kimbunga kijisokote ni ndogo, na Madagaska inatukinga kama ukuta. Vinavyotufikia ni vichache.

Lakini vichache si sifuri. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha merikebu za Sultan Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na kilimo cha karafuu kikahamia huko hadi leo. Wachumi tunapenda mfano huo, maana unaonyesha kwamba dhoruba moja inaweza kuhamisha zao zima kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi, na watu walikufa.

Halafu ikaja miaka ya karibuni. Aprili 2019 Mtwara na Lindi ziliwekwa katika hali ya tahadhari kwa sababu ya kimbunga Kenneth. Kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, na kuacha maafa huko. Aprili 2021 Jobo ilitangazwa kuelekea pwani ya Tanzania, ikafifia ilipokaribia. Mara mbili watu walijiandaa, mara mbili hawakuona kitu, na mara zote mbili zikasikika kauli za vijiweni kwamba watu wa hali ya hewa wanatutisha bure. Mara ya tatu ikaja Hidaya, na Somanga ikakatika.

Nitaonyesha hapa chini kwa nini kauli hizo za vijiweni ni hesabu mbovu.

Kimbunga cha pwani, maji ya bondeni

Upepo wa kimbunga hauji Ifakara ukiwa na nguvu ileile. Kimbunga kinakula joto la bahari, na kikipanda nchi kavu kinanyimwa chakula. Kinachoweza kuja huku ni mawingu yake. Mawingu hayo yakigonga milima ya Udzungwa yanapanda, yanapoa na kumwaga maji, na maji yote hushukia kwetu.

Hata hivyo, kimbunga kinaweza pia kutunyang'anya mvua. Kikikaa mbali baharini au katika mlango wa Msumbiji, huvuta unyevu kuelekea kwake na kugeuza upepo, na maeneo mengine hupata siku kadhaa za jua kali. Masika ya mwaka 2019 yalichelewa katika sehemu za Afrika Mashariki, na wataalamu waliyahusisha na Idai, kimbunga kilichoiangamiza Beira mwezi Machi mwaka ule. Kwa hiyo habari ya kimbunga peke yake haitoshi kumfanya mtu akimbilie mundu. Jua la siku tano mwanzoni mwa Mei ni zawadi kwa mwenye mpunga wa kuanika.

Tena hapa bondeni tuna mafuriko ya aina mbili, na hayaji kwa mwendo mmoja. Kuna maji ya mlimani, kama ya Mto Lumemo, ambayo mvua ikinyesha Udzungwa usiku yanaweza kuwa yameingia maeneo ya Ifakara mjini kabla watu hawajaamka. Onyo lake ni la saa. Kuna maji ya mto wenyewe, Kilombero, unaokusanya Mpanga, Mnyera, Ruhudji na Kihansi huko juu. Huo huvimba polepole kwa siku na majuma, kwa kawaida ukifikia kilele karibu na Aprili, na hukaa shambani muda mrefu. Mpunga wa kando ya Lumemo na mpunga wa Minepa au Mofu haviwezi kusoma utabiri kwa jicho moja.

Hesabu ya magunia

Tuchukue mfano wa ekari moja ya SARO 5 inayotarajiwa kutoa magunia 18. Nahesabu kwa magunia badala ya shilingi, kwa sababu bei ya mpunga hubadilika kila wiki. Namba hizi ni za mfano; kila mtu aweke zake.

Ukivuna siku 7 hadi 10 kabla ya wakati, punje za chini ya suke zinakuwa bado hazijajaa, na mashineni mchele unatoka na chenga nyingi. Tuseme unapoteza magunia 2. Vibarua wanaotafutwa na kila mtu siku hiyohiyo wanapandisha bei. Tuweke gunia 1. Gharama ya kuvuna mapema ni magunia 3. Ukiacha, na maji yakaingia, mpunga unalala, punje zinaanza kuota kwenye suke, na unaokoa magunia 6 tu. Umepoteza 12.

Gawanya 3 kwa 12 unapata robo. Maana yake ni kwamba uwezekano wa maji kuingia katika shamba lako ukizidi moja kwa nne, vuna. Ukiwa chini ya hapo, subiri.

Sasa turudi kwenye mistari yetu 51. Tuseme 30 kati yake inaingia pwani kati ya Kilwa na Dar es Salaam, yaani kama sita kwa kumi. Mwenye shamba ukingoni mwa mto anajua kwa uzoefu kwamba mvua kubwa ya siku mbili mwezi Mei humletea maji mara nane kwa kumi. Zidisha: anapata 48 kwa mia. Avune. Mwenye shamba la juu, upande wa mlimani kando ya reli ya TAZARA, maji humfikia mara moja kwa kumi. Anapata 6 kwa mia. Akalale. Wa katikati, anayefikiwa mara nne kwa kumi, anapata 24 kwa mia, na hesabu imemwacha mlangoni. Huyo ningemshauri avune majaruba ya chini kwanza, ya juu ayaache.

Utabiri ni uleule, kimbunga kilekile, maamuzi matatu. Na hapo nimechukulia kwamba kimbunga kikitua kitaleta mvua hadi huku, jambo ambalo si lazima, kwa hiyo namba za kweli ni ndogo zaidi ya hizo.

Turudi na kwa wale wa vijiweni. Anayevuna kila mara uwezekano unapofika robo atakuwa amevuna "bure" mara tatu katika kila nne. Lakini mara nne kwa magunia 3 ni magunia 12, sawa kabisa na hasara ya ile mara moja ambayo maji yangemkuta. Hajapoteza kitu. Na kadiri uwezekano unavyozidi robo, ndivyo anavyopata faida juu ya yule aliyekaa kusubiri. Kenneth na Jobo zilikuwa katika zile mara tatu.

Nyongeza moja kwa wenye Supa. Mpunga huo ni mrefu na huanguka haraka kuliko SARO 5, lakini pia huchelewa kukomaa. Mwanzoni mwa Mei mwingine unakuwa bado wa kijani, na kuukata ni kukata majani. Mwenye Supa hana uamuzi wa kuvuna siku hizo. Alichonacho ni jembe na mifereji ya kupunguza maji.

Turubai ya Januari

Kuna namba moja katika hesabu ile inayoweza kubadilishwa na mkulima mwenyewe. Mpunga uliovunwa mapema una unyevu unaozidi asilimia 20, wakati wa kuhifadhi unatakiwa kuwa asilimia 14 au chini yake. Ukiufunga kwenye magunia mvua ikinyesha nje, unapata joto, unavunda, na mchele unatoka wa njano wenye harufu. Asiye na turubai wala banda la kuanikia atapoteza labda magunia mengine 2, na gharama yake ya kuvuna mapema inakuwa 5. Gawanya kwa 12: zaidi kidogo ya asilimia 41. Huyo inambidi asubiri hadi hatari iwe karibu nusu kwa nusu ndipo avune, na wakati huo maji yako mlangoni. Mwenye turubai anaweza kuamua siku mbili au tatu mapema. Turubai inanunuliwa Januari, wakati hakuna anayeitafuta.

Kwa mfanyabiashara hesabu ni nyepesi zaidi. Mwenye magunia Mlimba, Malinyi au Mtimbira hapotezi kitu kikubwa kwa kuyasafirisha siku tatu kabla. Anaweza kupoteza nafasi ya kusubiri bei nzuri, basi. Barabara ikikatika mambo yanageuka: mpunga ulionaswa ndani unashuka bei, na mchele kule nje unapanda. Zamani kikwazo kilikuwa kivuko cha Mto Kilombero, hadi Daraja la Magufuli lilipozinduliwa mwaka 2018. Daraja limeondoa kikwazo hicho, lakini barabara za vumbi zinazoingia mashambani hazikujengwa nalo. Kikitangazwa kimbunga, mali itoke kwanza, mazungumzo ya bei yaendelee Ifakara.

Kinachokosekana katika yote haya ni ile namba ya mkulima, ya mara ngapi kwa kumi maji humfikia. Wazee wanaikumbuka kwa vichwa, vijana waliokodi mashamba juzi hawana. Kipimo cha maji cha Swero, jirani na Ifakara, kimetumika kwa miaka mingi kupima kimo cha Mto Kilombero. Kimo hicho kingesomwa redioni kila jioni kuanzia Machi hadi Mei, mara tu baada ya utabiri wa TMA, mkulima wa Minepa angeweza baada ya misimu michache kuandika kwenye daftari lake: mto ukifika hapa, jaruba langu la kwanza linaingia maji. Ni dakika moja ya matangazo, na redio za kuitangaza zipo hapahapa mjini.